Hasikii, au maneno hayamfikii?

"Mzee siku hizi hasikii, amekuwa mbishi." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno, na kila mara msemaji huwa amechanganya mambo mawili.

Upungufu wa kusikia wa uzeeni ni kudhoofika kwa masikio yote mawili, polepole, kadiri umri unavyosonga. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya waliopita miaka 60 wanao, tena wa kiwango cha kuwatatiza. Maana ndiyo hiyo.

Shida imo kwenye kitenzi chetu. Kusikia tumekibebesha mizigo: tunasikia sauti, harufu, njaa, baridi, na mtoto mkaidi naye "hasikii". Tunaposema sikio la kufa halisikii dawa, hakuna anayefikiria ngoma ya sikio. Msikivu ndiye mtiifu. Basi mzee akiuliza "unasemaje?" mara ya tatu, keshahukumiwa.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo, na zikifa hazioti tena. Aghalabu zinazotangulia ni za sauti nyembamba, ambamo zimo s, sh, ch, f na t. Irabu, zilizo nene na zenye nguvu, hubaki. Kwa hiyo taka, saka, shaka na chaka humfikia kama neno lilelile. Sauti yako anaisikia; neno ndilo limempita. Ukipaza sauti, unamwongezea zaidi irabu alizokuwa nazo tayari. Mkiwa wawili chumbani anaelewa, wakiongezeka watu na redio anapotea, halafu mtu anasema eti "husikia akitaka".

Kwenye shina hilohilo kuna kusikilizana, na hapo Kiswahili kimelenga. Kinachoharibika ni masikilizano. Mzee anacheka kwa kufuata wenzake, anajibu lisiloulizwa, anaona haya, mwisho anajitenga. Upweke na sonona huingia hapo. Tena kamisheni ya jarida la tiba la The Lancet, mwaka 2020 na 2024, iliutaja upungufu huu miongoni mwa vihatarishi vya ugonjwa wa kusahau vinavyoweza kupunguzwa, na vifaa vya kusaidia kusikia vipo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, badala ya "hasikii", sema "maneno hayamfikii yote". Kisha zima redio, kaa mbele yake auone mdomo wako, na akiuliza tena, liseme jambo lilelile kwa maneno mengine.