Kihihi iko kusini mwa ikweta: kishikwambi ndani ya ndege ndogo

Wanafunzi wangu wa urubani pale Kajjansi, kiwanja kidogo cha ndege karibu na Kampala, siku hizi wanakuja darasani na kishikwambi mkononi kabla hawajanunua hata rula. Sina ugomvi na hilo. Kifaa hiki nakipenda na nakitumia kila ninaporuka. Aliyewahi kuvuka Ziwa Kyoga mwezi wa Januari, nyasi zinachomwa kila upande na moshi umeifuta mistari yote ya nchi, anajua thamani ya alama ndogo ya ndege inayotembea juu ya ramani na kukwambia upo hapa. Kyoga yenyewe ni mtihani. Ina vidole vingi vya maji vinavyofanana, na visiwa vya mafunjo vinaelea huku na huko, kwa hiyo ufuko unaouona leo si lazima uwe ule uliochorwa kwenye karatasi.

Ninachotaka kueleza ni kingine. Kishikwambi kinakosea kwa namna yake, na makosa yake hayafanani na ya ramani ya karatasi. Kibaya zaidi, kisipowekwa vizuri kinaweza kuharibu hata vile vitu ambavyo vingekuokoa kikizimika.

Nianze na dukani, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. iPad ya Wi-Fi peke yake haina kipokezi cha GPS ndani. Ile inayotumia pia mtandao wa simu ndiyo inayo. Ukiwa Kampala huwezi kuona tofauti, maana ile ya Wi-Fi nayo inakuonyesha mahali ulipo kwa kukisia kutokana na mitandao iliyo jirani. Ukipanda hewani mitandao inabaki chini na alama yako inaganda pale ulipoondokea. Kama umeshanunua, usiiuze kwa hasara: kuna vipokezi vidogo vya GPS vinavyounganishwa kwa Bluetooth, na vinafanya kazi vizuri. Pakua ramani zote ukiwa nyumbani, kwa sababu huko Karamoja usitegemee intaneti. Kisha kiwashe kifaa nje ya banda la ndege, chini ya anga wazi, dakika kadhaa kabla ya kuwasha injini. Paa la bati linazuia mawimbi ya setilaiti, na bila mtandao wa simu wa kukisaidia kipokezi huchukua muda zaidi kuzipata.

Sasa habari ya Kihihi.

Asubuhi moja nilikaa na mwanafunzi wangu kwenye meza ya mipango. Tulikuwa tunaelekea Kihihi, kiwanja cha kusini magharibi ambacho watalii wa sokwe wa Bwindi hushukia. Viwanja vingi vya porini havimo kwenye hifadhidata za programu, kwa hiyo watu hutumiana namba kwa WhatsApp na kuziandika wenyewe. Kijana alikuwa ametumiwa hivi: 0 43, 29 42. Basi. Hakuna herufi yoyote ya kaskazini (N) wala kusini (S). Aliziingiza, programu ikachora mstari wa waridi kutoka Kajjansi, safi kabisa, uelekeo wa digrii 280.

Kwenye karatasi yake ya safari, kwa penseli, alikuwa amepima 252.

Niliyaona yote mawili nikanyamaza makusudi. Akaitazama skrini, akaitazama karatasi, akarudi kwenye skrini. Kisha akachukua kifutio. "Kapteni, nadhani nilipima vibaya," akasema, na kifutio kikawa tayari juu ya ile 252. Nikamshika mkono.

Yeye hakuwa amepima vibaya. Kihihi iko takriban dakika 43 kusini mwa ikweta, dakika hapa ikiwa sehemu moja ya sitini ya digrii. Programu haikupewa herufi, ikachukua kaskazini. Sisi Uganda tunaishi juu ya mstari wenyewe: Kajjansi iko kaskazini kwa dakika 12 tu, Mbarara na Kisoro ziko kusini, Gulu na Kidepo kaskazini. Rubani wa Ulaya akikosea herufi hiyo, mstari wake unaishia mbali kabisa, upande wa pili wa ikweta, na anagundua papo hapo. Wa kwetu akikosea, mstari unabaki kwenye ramani ileile, una urefu unaokaribiana na ule wa kweli, na unaonekana wa kuaminika. Dakika 43 za kusini na 43 za kaskazini zinafanya maili za bahari 86, karibu kilomita 160. Ule mstari wa waridi ulikuwa unapita karibu kabisa na Fort Portal, unapanda ncha ya kaskazini ya Rwenzori na kuishia Kongo, ndani ya msitu. Rwenzori ni milima yenye kilele cha mita 5,109, na siku nyingi huwezi kuiona kwa mawingu. Si mahali pa kwenda kujua kwamba ulisahau herufi moja.

Kuna ndugu yake kosa hili, na yeye nimemkuta mara nyingi zaidi. Dakika 43 si sawa na nukta 43. Ukiandika 0.43 mahali pa 0°43', programu inaelewa dakika 26 hivi, na kiwanja chako kinahama maili 17. Maili 17 juu ya vilima vya Kigezi ni bonde jingine kabisa.

Ndiyo maana darasani kwangu penseli inatangulia. Mwanafunzi anapima uelekeo, umbali na muda kwenye ramani ya karatasi, anaandika, halafu ndipo anawasha kishikwambi. Zikipishana zaidi ya digrii tatu hatuondoki mpaka tujue kwa nini, na hatufuti chochote. Wakianza na skrini, penseli inaigiza skrini, na hapo umebaki na jibu moja lililoandikwa mara mbili.

Jambo la pili watu hawalitarajii, nami hulionyesha kwa vitendo kwa sababu maneno hayatoshi. Kwenye Cessna 206, ndege ndogo ya injini moja, dira ya sumaku inaning'inia juu katikati ya kioo cha mbele. Rubani mpya naye anapenda kubandika kishikwambi kwa kile kishikio cha mpira kinachonata kioo, papo hapo katikati, ili akione vizuri. Basi namwambia akae kwenye kiti, injini imezimwa, asome dira. Anasoma, tuseme, 310. Kisha nasogeza kishikwambi taratibu kutoka mapajani kwangu kuelekea kwenye kioo. Kikiwa mbali, kadi ya dira imetulia ndani ya kimiminika chake. Kikikaribia inaanza kutetemeka, halafu inageuka polepole kama mtu anayesikia jina lake likiitwa. Ndege haijasogea hata inchi moja. Spika za kifaa zina sumaku, na jalada lake mara nyingi lina sumaku zaidi.

Fikiria maana yake. Dira ndiyo unayoitegemea kishikwambi kikizima, na kishikwambi hichohicho kimeshaipotosha. Hakuna taa itakayowaka kukuonya. Kifunge kwenye paja kwa mkanda, au kwenye usukani kwa kishikio imara kisichozuia usukani kuvutwa hadi mwisho, halafu fanya jaribio hilihili la dira kila unapobadilisha jalada. Na ukikuta skrini imekuwa nyeusi ghafla, vua kwanza miwani ya jua. Zile zenye lenzi za kukata mng'ao huzima mwanga wa skrini kwenye pembe fulani.

Kuhusu kimo nitasema kwa ufupi ingawa hatari yake si ndogo. Kishikwambi kinakuonyesha kimo cha GPS. Ndege zote zilizo karibu nawe zinafuata kipima kimo cha shinikizo la hewa, na waongozaji ndege wa Entebbe wanawatenganisha kwa hicho. Hewa yetu ina joto kuliko ile ya vipimo vya kawaida, kwa hiyo kipima kimo kikisoma futi 9,500, GPS inaweza kukwambia uko juu zaidi kwa futi mia tatu au nne. Nimeona mwanafunzi akishusha ndege "kurekebisha". Alikuwa anajisogeza kwenye kimo cha mtu mwingine. Hiyo namba ya skrini itumie kujua milima iko umbali gani chini yako, na kwa mawasiliano na mnara soma kipima kimo.

Na jua likishazama, hapa kwetu kwenye ikweta tabaka la juu la anga huchafuka, hasa karibu na miezi ya Machi na Septemba, na mawimbi ya setilaiti hutetereka yanapolipenya. Ndege ndogo inayoruka kwa macho inapaswa kuwa imeshatua saa hizo hata hivyo.

Joto ndilo nimeliweka mwisho, kwa sababu ndilo lililonifundisha mimi mwenyewe.

Apple wanasema iPad ifanye kazi kwenye joto la hewa la nyuzi 0 hadi 35. Ndege ndogo iliyosimama juani Februari inapita hapo kabla hujamaliza kuikagua. Kishikwambi kikipata joto hupunguza mwanga, kisha hukataa kuchaji, kisha kinaweka alama ya kipimajoto na kuacha kazi. Mtu anayekichomeka kwenye chaja akiwa amekiacha juu ya dashibodi, chini ya kioo, anakiunguza pande mbili kwa wakati mmoja.

Nilikuwa naelekea Kidepo na mwanafunzi mwingine, binti mtulivu anayeandika namba zake ndogo ndogo kama mshonaji. Kutoka Kajjansi ni maili za bahari zipatazo 220. Tulivuka Kyoga, Soroti ikiwa kulia ndani ya moshi hata isionekane. Jua lilikuwa linaingia ubavuni, moja kwa moja kwenye paja langu. Nilikuwa nimekichomeka kwenye chaja, mimi mwalimu. Skrini ikafifia, nikaongeza mwanga, ambayo ni kukitia joto zaidi. Dakika chache baadaye ikawa nyeusi na kile kipimajoto katikati.

Nilikuwa na simu mfukoni yenye ramani hizohizo, na sasa hivi nakataza mtu kuruka bila kifaa cha pili, kilichofungwa mbali na jua. Lakini siku ile sikuitoa. Nilimuuliza, "Tuko wapi?"

Hakuangalia nje kwanza. Aliangalia saa yake, kisha karatasi. Alikuwa ameandika dakika tuliyovuka ufuko wa kaskazini wa Kyoga, na kasi aliyoipata kati ya alama mbili za mwisho. Akaweka kidole kwenye ramani. "Hapa, Kapteni, au kidogo kusini mwa hapa. Upepo wa mbele unaongezeka." Akashika uelekeo kwa dira, akasema jiwe la Kalongo litatokea kushoto baada ya dakika 34.

Hapo ndipo kazi ya rubani ilipo na ndiyo inayonifanya niandike haya. Kwa dakika nyingi hakukuwa na kitu cha kuona zaidi ya rangi ya vumbi juu na chini. Mkono unataka kugeuza ndege kutafuta chochote kinachofanana na alama, na mtu akigeuza mara moja, namba zote za karatasi zinakufa. Alikaa kwenye uelekeo wake. Kila dakika kumi aliandika kitu. Mimi nilikifunua kishikwambi jalada lake, nikakiweka sakafuni mbele ya tundu la hewa, nikakiacha kipoe. Kukitia kwenye baridi ya ghafla, kama wengine wanavyokiweka kwenye sanduku la barafu la soda, kunaleta unyevu ndani.

Dakika ya 34 ikapita. Ya 35. Akameza mate lakini hakusogeza usukani. Dakika ya 37 moshi ulipasuka kidogo upande wa kushoto, na lile jiwe likasimama pale, kubwa na la kijivu, na mabati ya mji yanamelemeta chini yake. Akaandika muda, akahesabu upya kasi yake kwa penseli, akaongeza dakika mbili kwenye muda wa kufika Apoka, kiwanja cha Kidepo.

Kishikwambi kiliwaka tena tulipoanza kuona milima ya mpakani. Alama ya ndege ilitokea pembeni kidogo mwa mstari, maili mbili hivi upande wa magharibi. Aliitazama, akageuza digrii chache kulia, akarudisha macho nje kutafuta kama kuna nyati kwenye njia ya kutulia.