"Bado mdogo, haelewi": dhana potofu kuhusu kuzungumza na watoto

Dhana: Mtoto mchanga haelewi, ya nini kuongea naye?

Mtoto huanza kusikia angali tumboni, na akizaliwa tayari anaitambua sauti ya mama yake. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Edward Tronick na wenzake, huko Marekani, walichapisha jaribio ambalo akina mama waliwatazama watoto wao wa miezi michache bila kutabasamu wala kutoa sauti. Watoto walijaribu kila njia kuwaamsha. Walipoona hawajibiwi, wakageuza nyuso. Hawajui hata neno moja, lakini walikuwa wanasubiri jibu. Kwa hiyo akisema "agu", mjibu, kisha nyamaza kidogo. Atarudisha. Hayo tayari ni mazungumzo.

Dhana: Kumtishia kidogo hakuna madhara, mradi anyamaze.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana utaisikia kwenye mabenchi ya kliniki zetu: "Nyamaza, daktari atakuchoma sindano!" Mtoto wa miezi 18 aliyeletwa kwa dozi ya pili ya chanjo ya surua ananyamaza kweli, huku ameng'ang'ania kanga ya mama. Baada ya muda anaitwa, anachomwa. Kwake sindano imeshakuwa adhabu, na nesi ni mtu wa kuogopwa. Siku akiugua ataanza kulia tangu getini. Mwambie ukweli kwa maneno machache: "Nesi atakuchoma, itauma kidogo, mama nimekushika." Wala usimwambie haiumi. Akishagundua umemdanganya, safari ijayo atakuaminije?

Dhana: Mtoto anayeuliza "kwa nini" ana kiburi.

Anaweza kukuamkia shikamoo vizuri kabisa na bado akataka kujua kwa nini mwezi unamfuata. Jibu fupi linamtosha. Na ukitaka naye akusikie, msogelee, chuchumaa, mwite jina, mpe jambo moja: "Weka kikombe mezani." Maagizo matatu kwa mpigo, tena kwa kelele kutoka jikoni, yangemchanganya hata mtu mzima.

Dhana: Lugha mbili nyumbani humchelewesha kusema.

Hapana. Bibi amsemeshe Kisukuma, baba Kiswahili. Kuchanganya maneno ni kawaida na hupungua anavyokua. Ila akifika miaka miwili hajaanza kuunganisha hata maneno mawili, mpeleke hospitali, aanze kupimwa masikio.