"Kitwa chaniuma" si Kiswahili kibovu

Nimechoka kuona wino mwekundu wa walimu chini ya "kitwa chaniuma", yaani kichwa kinaniuma. Maelezo ni yale yale kila mara: mtoto huyu ametoka Mombasa, hajui Kiswahili, au ameokota sheng. Hapana! Hicho ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, na upatanisho wake umenyooka kuliko "kichwa inaniuma" ya Nairobi tunayoisikia kutwa, hata kwa wenye kalamu nyekundu.

Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Haukuzifanya lahaja nyingine kuwa makosa. Tena sikiliza majirani: Mkikuyu na Mkamba husema mũtwe, Mgusii omotwe, Mganda omutwe. T ipo kwao wote, na ch ya kichwa ndiyo iliyokuja baadaye. Jicho Mombasa ni jito, wingi mato. Lamu ni ito. Sikio ni shikio. Jino, ukifika Lamu, ni ino.

Linaloniudhi zaidi ni kuiga. Mwandishi akitaka mhusika wake asikike wa Mombasa, hugeuza kila ch kuwa t, akaandika "takula" na "too". Hakuna mwenyeji asemaye hivyo. Ch ya shina la neno ndiyo ibadilikayo: kichwa kitwa, cheka teka, chinja tinda, choma toma. Lakini ipo ch iliyozaliwa pale ki- ilipokutana na irabu, na hiyo haiguswi. Ukiwa na shaka, liweke neno katika wingi. Likianza na vy-, iache ch yako: chakula vyakula, choo vyoo, chombo vyombo. Maneno ya mkopo kama chai na chapati nayo yabaki yalivyo. Kwa vitenzi kipimo hiki hakifai kitu, kwa kuwa kitenzi hakina wingi wa vy-. Hapo muulize mwenyeji.

Chanda kinapita mtihani huo huo: wingi wake ni vyanda, kwa hiyo hakuna "tanda". Maana yake ni kidole. Nairobi nzima husema wapenzi fulani ni "chanda na pete", na wengi hawajui pete hiyo imevishwa nini.

Tahadhari mbili kwa wanaotafsiria wagonjwa. Mtu wa pwani akisema moyo wamchafuka, anazungumzia kichefuchefu. Usiandike ugonjwa wa moyo. Na kiwiko, hapo hata mimi sina neno la mwisho: wapo wanaokiita hivyo kile kiungo cha katikati ya mkono, wapo wanaomaanisha kifundo kilicho karibu na kiganja, na kiwiko cha mguu ni jambo jingine tena. Sitamwambia yeyote kati yao kuwa amekosea. Mwombe mgonjwa aguse panapouma, kisha andika "kiungo cha katikati ya mkono" au "kifundo cha mkono", kwa kirefu.