Mwalimu wa Malindi na pepo za Vasco da Gama: dhana potofu kuhusu safari za Wareno

Wengi wetu tuliikariri shuleni: Vasco da Gama aligundua njia ya bahari ya kwenda India mwaka 1498. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu nyingine imezaa makosa ambayo bado tunawarithisha watoto.

Nianze mbali kidogo, na Mwanamfalme Henrique wa Ureno, ambaye Waingereza humwita Henry Baharia. Watu hudhani aliongoza safari za kuja Afrika. Hakuongoza hata moja. Alizigharimia na kuchukua sehemu ya faida, lakini yeye mwenyewe hakuvuka Moroko: alikuwepo Ceuta ilipotekwa mwaka 1415, na mwaka 1437 akashindwa vibaya Tangier. Alifariki mwaka 1460, miaka 28 kabla ya baharia Mreno Bartolomeu Dias kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Dhana nyingine ni kwamba mabaharia wa zama hizo waliogopa kufika ukingoni mwa dunia wakaanguka. Wasomi wa Ulaya walijua tangu kale kwamba dunia ni mviringo. Kilichowatisha hasa pale Rasi Bojador, pwani ya Sahara Magharibi, ni jambo ambalo mvuvi yeyote angelielewa: upepo na mkondo wa maji huko husukuma chombo kuelekea kusini. Kwenda ni rahisi, shida ni kurudi. Baharia wa Henrique, Gil Eanes, alipoipita rasi hiyo mwaka 1434 na kurejea salama, ushindi wake ulikuwa katika kule kurejea. Taratibu Wareno wakajifunza kuiacha pwani, kwenda bahari kuu upande wa magharibi, na kuutafuta upepo wa kuwarudisha kwao. Hiyo ni elimu yao halali, na sioni sababu ya kuwanyima sifa hiyo. Mwaka 1497 da Gama aliitumia kwa namna ya ajabu: alikaa takriban miezi mitatu katika Atlantiki bila kuona nchi kavu, kisha akaibukia karibu na ncha ya Afrika.

Lakini alipoingia upande wetu, Bahari ya Hindi, elimu hiyo ilifika mwisho.

Hapa ndipo dhana kubwa kuliko zote inapoporomoka. Kutoka Malindi hadi Calicut, bandari ya India, palikuwa na njia inayotumika kwa karne nyingi. Majahazi ya Wahindi, Waarabu na Waswahili yalikwenda na kurudi kwa kufuata pepo za msimu: kusi ya kwendea India na kaskazi ya kurudia Afrika. Da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akapokewa vizuri kwa sababu mfalme wa Malindi alikuwa na uhasama na Mombasa, akapewa rubani. Kwa siku 23 tu, kusi ikiwa inaanza, wakaiona India.

Rubani huyo alikuwa nani? Watu wengi watakujibu haraka: Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Omani. Habari hiyo inatokana na mwandishi wa Makka aliyeandika miongo mingi baada ya tukio, na wanahistoria wengi leo hawaikubali. Waandishi wa Kireno wanamtaja rubani kwa jina la Malemo Cana, na mmoja wao anasema alikuwa Mwislamu wa Gujarat. Neno hilo "Malemo" halihitaji mkalimani pwani: ni mwalimu, yaani mjuzi wa nyota na njia chomboni. Basi kinachodhaniwa kuwa jina lake huenda ni cheo chake tu.

Safari ya kurudi ndiyo ushahidi mzito zaidi. Da Gama aliondoka India Oktoba, kabla kaskazi haijashika. Njia ya siku 23 ikamchukua karibu miezi mitatu. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, kiliua watu wapatao 30, na kila merikebu ikabaki na saba au wanane wenye nguvu ya kufanya kazi. Walipofika Malindi Januari 1499 waliagiza machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Mabaharia hawakutosha tena kuendesha merikebu tatu, hivyo São Rafael ikachomwa moto kwenye pwani ya Tanga ya leo.

Kuhusu Ngome ya Yesu ya Mombasa, nitasema kwa ufupi: da Gama hakuijenga. Ujenzi ulianza mwaka 1593, akiwa amekwisha kufa miaka karibu 70, na msanifu wa ngome hiyo, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mwitaliano.

Imebaki dhana inayoniuma, kwamba hizi zilikuwa safari za kutafuta maarifa tu. Mwaka 1444, huko Lagos, Ureno, watu 235 waliotekwa pwani ya Afrika Magharibi walishushwa na kugawanywa mbele ya Henrique akiwa juu ya farasi. Mwaka 1502 da Gama alirudi na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Miaka mitatu baadaye Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akaiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Dhahabu ya Kilwa ilifuliwa kuwa chombo cha ibada, kikakamilika mwaka 1506. Kipo hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon.