Wakili Aliyekabidhiwa Wizara ya Vita: Maisha ya Henry Stimson

Kila mwaka, mahakama ya mfano hapa chuoni kwetu Iringa inapofika kwenye sheria za vita, huibuka mwanafunzi na swali lile lile: "Mwalimu, wakili anajua nini kuhusu bunduki hata apewe wizara ya jeshi?" Safari iliyopita muulizaji alitoka Mafinga. Amekulia jirani na kambi ya JKT, na tangu utotoni amezoea kuona kwamba anayepigiwa saluti ni mwenye nyota begani. Nilimjibu kwa kisa cha Henry Stimson wa Marekani.

Stimson alizaliwa New York mwaka 1867, akasoma Yale, kisha sheria Harvard, na mwaka 1891 akaingia katika ofisi ya mawakili ya Elihu Root. Mwaka 1899 Root huyo huyo alipoombwa kuwa Waziri wa Vita alijibu kwamba hajui lolote kuhusu vita wala jeshi, naye akaelezwa kwamba Rais hakuwa akitafuta mjuzi wa vita bali mwanasheria wa kusimamia utawala wa visiwa vilivyotekwa kutoka kwa Hispania. Stimson alifuata nyayo hizo: alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu mjini New York kuanzia 1906, Waziri wa Vita 1911 hadi 1913, afisa wa mizinga Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, na Waziri wa Mambo ya Nje 1929 hadi 1933. Mwaka 1940, Stimson akiwa na miaka 72, Rais Franklin Roosevelt wa chama cha Democratic alimrudisha Wizara ya Vita ingawa yeye alikuwa wa chama pinzani cha Republican.

Tarehe 29 Oktoba mwaka huo alisimama mbele ya bakuli kubwa la kioo, amefungwa macho kwa kitambaa kilichokatwa kwenye kiti cha zama za kutangaza uhuru wa Marekani, akachomoa kwa bahati nasibu kidonge chenye namba ya kwanza ya wanaume watakaoitwa jeshini: 158.

Mtihani wake mgumu ulikuja Februari 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, pale makamanda walipotaka watu wenye asili ya Japani waondolewe pwani ya magharibi. Aliandika katika shajara yake kwamba hatua hiyo ingetoboa tundu kubwa katika mfumo wa katiba, lakini akaiunga mkono, na watu wapatao 120,000 wakahamishiwa makambini. Hata huku Nyanda za Juu Kusini, Wajerumani wenye mashamba waliwekwa kizuizini vita vilipoanza mwaka 1939, ila wao walihesabiwa kuwa raia wa nchi adui. Huko Marekani takriban theluthi mbili walikuwa raia wa Marekani yenyewe. Kwa maoni yangu hili ndilo doa lake kubwa, kwa sababu wakili ndani yake aliliona kosa waziwazi, naye waziri akalipitisha.

Mwaka 1945, wizara yake ikiwa ndiyo iliyosimamia utengenezaji wa bomu la atomiki, alilifuta jina la Kyoto kwenye orodha ya miji ya kupigwa, licha ya Jenerali Groves, msimamizi wa mradi wa bomu hilo, kushikilia libaki, kwa kuwa ulikuwa mji mkuu wa kale uliobeba utamaduni wa Japani. Hakulizuia bomu lenyewe, na Nagasaki ikaongezwa kwenye orodha. Kuhusu viongozi wa Kinazi, wenzake wengine serikalini walipotaka wapigwe risasi mara wakikamatwa, yeye alisisitiza wafikishwe mahakamani. Kesi yao mjini Nuremberg, Ujerumani, ilianza Novemba 1945, akiwa ameshastaafu.

Aliondoka tarehe 21 Septemba 1945, siku aliyotimiza miaka 78. Katika kikao chake cha mwisho cha Baraza la Mawaziri alitetea mazungumzo ya moja kwa moja na Urusi juu ya udhibiti wa nguvu za atomiki, kisha akaenda kupanda ndege. Uwanjani, majenerali walikuwa wamejipanga mistari miwili, mizinga 19 ikapigwa, na wakili yule akapita katikati yao.