Zamu yako haijafika: uongo wa filamu kuhusu wazimu wa ukoo

Mkasa unaujua. Binti anarithi nyumba ya bibi yake aliyefia katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Usiku wa kwanza anaota ujia mrefu wenye mlango mwekundu. Asubuhi anafungua shajara ya bibi, na katikati ya kurasa anakuta mlango uleule umechorwa kwa penseli. Ukumbi mzima kimya: zamu yake imefika.

Nazipenda filamu za aina hii, sitaficha. Ila watu hutoka nazo na utabibu ambao hakuna daktari aliyewafundisha.

Dhana: wazimu hushuka ukoo mzima, mtoto wa nyoka ni nyoka. Kinachorithiwa ni uwezekano, si ugonjwa wenyewe. Chukua skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mtu husikia sauti zisizokuwepo au huamini mambo yasiyo kweli. Katika watu 100, takriban mmoja huipata maishani mwake. Kwa mwenye mzazi mmoja anayeugua, uwezekano hufika kama 10 katika 100. Umepanda sana, sikatai, lakini igeuze hesabu hiyo: tisa kati ya kila kumi hawaugui. Hata mapacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni karibu vilevile, mmoja akiugua mwenzake mara nyingi husalimika. Damu ingekuwa hukumu, asingeponyoka hata mmoja.

Yapo maradhi machache yanayoikaribia hadithi ya sinema. Ugonjwa wa Huntington, ambao jeni yake iligunduliwa mwaka 1993, huvuruga mwendo, hisia na fikra, na kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi jeni hiyo. Lakini hilo hujulikana kwa kupima damu, si kwa kufukua shajara.

Dhana: ukiota vibaya, akili imeanza kuondoka. Homa huleta ndoto mbaya. Msongo wa mawazo pia, kuacha pombe ghafla pia, hata baadhi ya dawa za presha. Zikija kila mara na kukunyima usingizi, mwone daktari, maana huandamana na sonona au kiwewe. Hilo si sawa na kurukwa na akili.

Dhana: kile kinachokukalia kifuani usiku kimetumwa. Neno letu jinamizi limebeba picha hiyohiyo, na mchoraji Henry Fuseli aliichora mwaka 1781: mwanamke kalala chali, kiumbe kamkalia. Katika hatua ya usingizi ambayo macho huchezacheza chini ya kope na ndoto hushamiri, ubongo huifunga misuli usije ukaruka kitandani. Ukizinduka kabla haijafunguliwa, unakiona chumba, mkono hausogei, na mabaki ya ndoto bado yako nawe. Dakika chache, kisha huachia.

Na lile la sinema, la mgonjwa wa akili anayewinda watu kwa kisu? Wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu. Wao ndio hudhuriwa zaidi.

Binti wetu, kama angepelekwa kwa mtaalamu badala ya kurudishwa kwenye dari la nyumba, huenda angepewa kalamu. Ipo tiba ya ndoto mbaya ambayo mtu huiandika ndoto yake mchana, akaibadilisha apendavyo, kisha akairudia kichwani dakika chache kila siku. Ujia uleule, mlango uleule mwekundu, ila safari hii anausukuma na ndani anakuta jiko, birika limeanza kuchemka.