Picha za Ini Kabla ya Kupandikiza: Je, Saratani Itarudi?

"Ini lote limetolewa, sasa saratani inarudi vipi?" Ndugu wa wagonjwa wa saratani ya ini waliopandikizwa ini jipya hutuuliza hivyo, na wana haki ya kujibiwa. Huenda chembe chache za saratani zilikwishaingia kwenye damu kabla ya upasuaji. Zikituama kwenye mapafu, mifupa au ini jipya, huota upya, tena katika mwili ambao kinga yake imepunguzwa kwa dawa ili usilikatae ini hilo. Kwa hiyo sisi wa radiolojia, tunaosoma picha za ndani ya mwili, tunaanza kuitafuta hatari hiyo ini la zamani likiwa bado tumboni.

Tunaanza na ukubwa na idadi. Mwaka 1996, Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Milan, Italia, walichapisha matokeo ya wagonjwa 48 waliopandikizwa ini baada ya kuchaguliwa kwa makini: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au vivimbe visivyozidi 3, kila kimoja kisizidi sentimita 3, bila saratani kuingia kwenye mishipa mikubwa ya damu wala kutoka nje ya ini. Baada ya miaka 4, asilimia 75 walikuwa hai. Vigezo hivyo bado vinatumika.

Ila sentimita hazisemi yote. Kinachotutia hofu zaidi ni saratani iliyopenya vimishipa vidogo vya damu, na hiyo huthibitishwa kwa hadubini, ini likishatolewa. Picha hutupa fununu mapema. Kwenye CT skani, mgonjwa huchomwa mkononi dawa ya kontrasti, inayofanya damu ionekane vizuri kwenye picha. Baada ya nusu dakika hivi uvimbe hung'aa kuliko ini lililouzunguka, kwa sababu unalishwa na damu ya ateri. Dakika moja na ushee, unafifia na kuwa mweusi kuliko ini. Mng'ao ukivuka ukingo wa uvimbe na kuingia kwenye ini la jirani, au ukingo wenyewe ukiwa na manundu, tunashuku kwamba vimishipa vimeshaguswa. Skani ya PET nayo huonyesha uvimbe unaofyonza sukari kwa wingi, ambao mara nyingi ndio mkali.

Hakuna alama moja inayotosha. Tunazisoma pamoja na kipimo cha damu cha AFP, protini ambayo mara nyingi hupanda mtu akiwa na saratani ya ini, na jinsi uvimbe ulivyoitikia matibabu wakati mgonjwa akisubiri ini. Sasa zipo programu za kompyuta zinazosoma picha hizo na kukadiria hatari. Zinatia moyo, lakini mimi sitakubali mtu anyimwe ini kwa makadirio ya programu peke yake.

Unayekwenda India kupandikizwa, beba picha zenyewe kwenye CD, si karatasi ya majibu tu, na uulize kama ulipigwa skani yenye kontrasti kwa awamu zote, yaani picha za nyakati tofauti baada ya kuchomwa dawa. Isiyo na kontrasti haiwezi kujibu swali hili. Ukirudi, fuata ratiba ya skani ya kifua na tumbo hata ukijisikia mzima, hasa miaka 2 ya mwanzo ambapo saratani nyingi zinazorudi hujitokeza. Uvimbe mmoja ukionekana mapema kwenye pafu, wakati mwingine unaweza kukatwa.